Jinsi ya kufuatilia FRB inayojirudia hadi kwenye galaksi yake, ukiwa Tanga na laptopu yako

Kama umeshasikia habari za FRB, hii mipigo ya redio ya milisekunde chache tu inayotoka mbali nje ya galaksi yetu, basi jua kuunasa mpigo ni kazi moja na kusema umetoka wapi ni kazi nyingine kabisa. FRB nyingi zimeonekana mara moja tu, huna pa kuzivizia tena, ndo maana nasema anza na zinazojirudia.

Chukua FRB 121102. Ilinaswa na darubini ya redio ya Arecibo, Puerto Rico, tarehe 2 Novemba 2012, baadae ikaonekana inarudia, na jibu lake lipo tayari kwa hiyo utajisahihisha mwenyewe. Katikati ya Januari kama saa nne usiku simama Raskazoni utazame kaskazini, tafuta nyota ya Capella halafu juu yake nyota ya Elnath: ipo karibu na Elnath, kidogo tu kuelekea Capella. Kwa macho huoni kitu, ila inasaidia kujua unahangaika na kipande gani cha anga.

Sasa data. Mpigo unapopita kwenye elektroni zilizotapakaa njiani, masafa ya juu yanawahi na ya chini yanachelewa, na kiasi cha elektroni hizo kinaitwa DM. Ya 121102 ni kama 557. Piga hesabu ya huo ucheleweshaji kati ya megahezi 400 na 800 kwa mkono kabla hujaiachia programu: megahezi 400 ni gigahezi 0.4, moja gawanya kwa 0.4 mara 0.4 unapata 6.25, fanya hivyohivyo kwa 0.8 unapata 1.56, toa, inabaki 4.69, zidisha kwa 4.15, namba isiyobadilika ya fomula hii, na kwa 557, jibu ni milisekunde kama 10,800. Yaani wimbi la megahezi 400 linafika karibu sekunde 11 nyuma ya lile la 800! Na kwa upande ule galaksi yetu inakadiriwa kuchangia kama 188 tu ya hiyo DM, hiyo nyingine yote imetoka nje.

Hapohapo hakikisha siyo kelele za duniani. Kule kwenye darubini ya redio ya Parkes, Australia, kuna mawimbi yalisumbua watu miaka, yanachelewa kama FRB kabisa, ila yalikuwa yanaonekana kwenye bimu zote 13 kwa pamoja, yaani vipande vyote vya anga ambavyo darubini inavitazama kwa wakati mmoja, na mwaka 2015 ikajulikana ni maikrowevu inayofunguliwa mlango ikiwa bado inafanya kazi.

Hatua ya kupata mahali ndo yenyewe, usiikimbize. Meli ikipiga honi bandarini, wewe upo Raskazoni na mwenzio Chumbageni, mkilinganisha nani kaisikia kwanza na kwa tofauti ya muda gani mnajua upande iliko, akiongezeka wa tatu mnaibana zaidi. Madishi ya redio yanafanya hivyohivyo, na kadiri yanavyokaa mbalimbali ndivyo mahali panavyobanwa. VLA, darubini ya redio ya Marekani yenye madishi 27, iliivizia 121102 mwaka 2016 kwa saa 83 ikanasa mipigo 9, hapo ndo ikapatikana galaksi ndogo hafifu, umbali wa miaka ya nuru kama bilioni 3.

Kwa hiyo ukiwa na mahali palipopimwa na CHIME peke yake, darubini ya redio ya Canada, ambapo mara nyingi pana kosa la dakika kadhaa za upinde (dakika moja ya upinde ni digrii moja gawanya kwa 60), usichague galaksi inayong'aa zaidi ukasema ni hii. Mwezi mpevu una upana wa dakika 30 hivi, na kwenye kieneo kama hicho galaksi ni nyingi mno. Subiri mpigo mwingine unaswe na madishi ya mbalimbali, ndo faida ya inayojirudia.

Ukishapata galaksi angalia na jirani. 121102 ina chanzo cha redio kisichozima pembeni yake kabisa, na tangu tarehe 28 Aprili 2020 magneta (nyota ya nyutroni yenye usumaku mkali mno) iitwayo SGR 1935+2154 ya humu kwenye galaksi yetu ilipotoa mpigo wa aina hii, wengi wanaelekeza kidole kwa magneta. Mimi pia naegemea huko, ila FRB 20200120E ipo kwenye kundi la nyota za kizee huko kwenye galaksi ya M81, mahali ambapo magneta changa hutegemei kuikuta, kwa hiyo kwenye daftari lako andika galaksi kwa uhakika na magneta iwekee alama ya kuuliza.