Kabla hujaipeleka familia Scranton kupanda treni na tramu za zamani

Kama uko New York, New Jersey au Philadelphia na unatafuta pa kuwapeleka watoto wikiendi bila kuuza figo, Scranton, Pennsylvania ni mwendo wa kama masaa mawili tu kwa gari, na pale mnapanda treni ya zamani na tramu ya zamani siku moja na gari lenu limepaki palepale. Ila ukienda kichwakichwa utarudi unalalamika kwenye grupu la WhatsApp, so mambo ya kujipanga nayo ni haya.

La kwanza, na ndo linalowachanganya wengi, pale kuna wenyeji wawili. Steamtown ni makumbusho ya treni za mvuke, ni ya serikali kuu, iko chini ya idara ya hifadhi za taifa, ileile inayosimamia Grand Canyon, imekaa kwenye yadi ya zamani ya shirika la reli la Delaware, Lackawanna and Western na ilifunguliwa rasmi 1995. Ubavuni kwake kuna jumba la makumbusho la tramu, Electric City Trolley Museum, hilo ni la kaunti ya Lackawanna na lilifunguliwa 1999. Paking mnashea lakini kila mmoja ana dirisha lake la tiketi, ratiba yake na siku zake za kufunga. Kwaiyo usiangalie ratiba ya mmoja ukadhani umemaliza, fungua zote mbili uziweke sambamba, tafuta siku ambayo treni na tramu zote zinatembea na masaa yake hayagongani. Na ile kadi ya mwaka ya hifadhi za taifa usiitegemee hapa, haikulipii tiketi ya kupanda treni. Halafu ramani ya kwenye simu iandikie Cliff Street, maana kuna mall jirani nayo ina jina la Steamtown na unaweza ukajikuta umepaki huko unawauliza wauza viatu treni iko wapi.

La pili, piga simu Steamtown uliza leo kichwa gani cha treni kinavuta. Jina linasema steam, yani mvuke, lakini siku nyingi kinachovuta mabehewa ni dizeli, na sio ujanja wa kibiashara, ni sheria. Marekani kichwa cha mvuke kinaruhusiwa siku 1,472 za kazi au miaka 15, kinachotangulia kati ya hivyo, baada ya hapo boila lazima ifunguliwe yote ikaguliwe bomba kwa bomba ndo irudi barabarani. Na ufundi wenyewe hausogei haraka kwa sababu spea hakuna dukani, zinachongwa palepale karakana. Kuna kichwa chao kidogo cha kiwanda cha Baldwin, namba 26, cha mwaka 1929, kilikaa matengenezo miaka na miaka kikarudi kazini 2016. Kwaiyo kama mtoto umemuahidi moshi, hakikisha kwanza moshi upo. Mi naona hata dizeli ina raha yake, zile za miaka ya hamsini zina mngurumo unausikia kifuani, lakini mtoto wa miaka sita haelewi hayo maelezo.

Safari zenyewe ziko aina mbili. Ya kila mara ni fupi, kama nusu saa, inazunguka ndani ya yadi na kurudi, inawafaa wenye watoto wadogo. Za mbali zinapanda milima ya Pocono kwenda vijiji kama Moscow (ya Pennsylvania, sio ile ya Putin) na Tobyhanna, hizo zina tarehe maalum tu kwenye mwaka, ukiona tarehe inayokufaa kata tiketi onlaini hapohapo, usisubiri mpaka shemeji athibitishe.

Kuna li-kichwa moja limesimama nje pale wanaliita Big Boy, namba 4012, lilitengenezwa 1941 kwa ajili ya shirika la Union Pacific, urefu wake karibu mita 40 na vilitengenezwa 25 tu. Halitembei, waambieni watoto mapema. Ila tengeni muda wa kulizunguka, magurudumu yake makubwa tu yanakaribia kimo cha mtu mzima, na picha ya familia nzima mbele yake bado haitoshi kulifunika.

Sasa tramu. Watu wengi wanaichukulia kama nyongeza, mimi nakwambia ukilazimika kuchagua moja panda tramu. Scranton ndo mji unaojiita Electric City, yani Mji wa Umeme, tarehe 30 Novemba 1886 tramu za umeme zilianza kubeba abiria pale, wakati miji mingi ya Marekani bado inavutwa na farasi, na mpaka leo lile bango la taa la jina hilo liko juu ya jengo mjini. Tramu ya leo inapita njia ya Laurel Line, reli ya zamani ya umeme, kuelekea uwanja wa besiboli wa PNC Field kule Moosic, na katikati inaingia handaki la Crown Avenue lililokamilika 1905, lenye futi 4,747, yani karibu kilomita moja na nusu gizani. Hapo ndo ujiandae, beba sweta hata kama nje ni Julai na mnatokwa jasho, mle ndani baridi inakupiga mkono ulioutoa dirishani, na mkono wenyewe hautakiwi kuwa dirishani. Mtoto anayeogopa giza mpange katikati ya wakubwa wawili, mwambie mapema kwamba taa za ndani zipo.

Mwisho wa njia usikimbilie simu, mwangalie dereva. Tramu haigeuki, anayegeuka ni yeye. Anachomoa mpini wake wa kuendeshea anatembea nao mpaka upande wa pili, huku juu ya paa nguzo inayogusa waya wa umeme inashushwa kwa kamba na nyingine inapandishwa, na kama ni behewa lenye viti vya kupindua, migongo ya viti inasukumwa kla kla kla mpaka nyuma inakuwa mbele. Dakika chache tu lakini mtoto hasahau.

Kuhusu nguo, kama ni siku ya mvuke msivae nyeupe. Zamani shirika la reli la pale lilikuwa na tangazo maarufu la binti mmoja wa kubuni, Phoebe Snow, kavaa gauni jeupe peee na anashuka treni bila doa, kwa sababu vichwa vyao vilichoma makaa magumu ya Scranton yasiyo na moshi mwingi. Vichwa vya maonyesho siku hizi vingi vinachoma makaa laini, masizi yanaruka, ukikaa dirisha wazi karibu na mbele utatoka na punje nyeusi kwenye kola na jichoni. Miwani inasaidia. Viatu ni vya kufunga, yadi imejaa kokoto na reli, sandozi na visigino viacheni nyumbani, na mtoto ashikwe mkono muda wote maana kwenye yadi kuna treni zinazotembea kweli. Watoto wachanga wawekeeni vizuia sauti masikioni, honi ya mvuke ukiwa karibu sio mchezo. Msalani malizeni kabla ya kupanda. Na kama mko na bibi mwenye magoti mabaya au mtu wa kiti cha magurudumu, ulizeni mapema behewa gani litatumika siku hiyo, mabehewa ya zamani yana ngazi ndefu na sio yote yana lifti.

Msimu wa kupanda ni kuanzia majira ya joto mpaka majani yanapobadilika rangi Oktoba, na Oktoba ndo kuzuri kuliko miezi yote na ndo kunajaa. Baridi kali unaweza ukaenda ukaangalia karakana ya mviringo na meza ya kuzungushia vichwa lakini usitegemee kupanda sana.

Kama siku bado ndefu, tembeeni kwa miguu mpaka kwenye tanuru nne za mawe za kuyeyushia chuma, hapo ndo mji ulipoanzia, chuma chake ndo kilitengeneza reli kabla makaa hayajatawala kila kitu. Ukizunguka mjini utaona majengo makubwa kuliko watu, usishangae: mwaka 1930 Scranton ilikuwa na watu zaidi ya 143,000, sensa ya 2020 ilikuta kama 76,000. Treni ya mwisho ya kawaida ya abiria iliondoka Januari 1970, na stesheni yao ya kifahari ya 1908 ikaja kugeuzwa hoteli, ingieni tu muone ukumbi wake, marumaru yake haina mfano. Na masikio wazi, kuna familia za Wakongo waliohamia pale, unaweza ukasikia Kiswahili dukani bila kutegemea.

Wenye nguvu wanaongezea mgodi wa makaa kule McDade Park, mnashushwa futi 300 hivi chini ya ardhi kwa kigari, joto la huko ni kama nyuzi 12 mwaka mzima, ile sweta ya handakini ndo inafanya kazi tena. Ulizeni kama wako wazi kabla ya kwenda, na msiubane pamoja na treni na tramu siku moja kama mna watoto chini ya miaka mitano, mtagombana kwenye gari.

Chakula, shukeni Old Forge, dakika kumi na kitu kwa gari, pizza yao ni ya mstatili na inauzwa kwa trei, kipande wanaita cut. Trei moja inashibisha familia. Kama hamli nguruwe semeni wakati wa kuagiza, kabla trei haijaingia ovenini.