Kukausha mahindi kabla ya kuyavusha mpaka

Hati zote zikiwa sawa, mzigo wa mahindi bado unaweza kukwama mpakani kwa sababu ya unyevu. Lenga asilimia 13.5 au chini yake. Zaidi ya hapo ukungu huota ndani ya gunia, na sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, ikishaingia haitoki hata ukianika upya.

Anika juu ya turubai, si udongoni, unene usizidi sentimita 4, na ugeuze kila nusu saa. Jua likizama funika. Umande ukiyapata, kazi ya mchana imepotea.

Huna kipima unyevu? Chukua chupa kavu ya kioo, tia mahindi hadi theluthi, ongeza vijiko vitatu vya chumvi, funga, tikisa dakika moja, acha itulie dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kioo, unyevu umepita asilimia 15: rudisha juani. Isipoganda, umeshuka chini ya 15 tu, kwa hiyo ongeza siku moja ya jua kali. Chumvi yenyewe ikiwa na unyevu hudanganya, basi ikaange kwanza kwenye sufuria kavu, ipoe.

Punje nazo zipoe kabla ya kufungwa. Zikifungwa na joto, mvuke hugeuka matone ndani ya gunia.