Jinsi ya kutumia maktaba ya chuo kupata vyanzo vya maana na kuvirejelea vizuri

Ukipewa asaimenti, usikimbilie kuchukua linki tatu za juu Google halafu ukaandika hizo ndo marejeo yako. Chuo chako kinalipia databesi za majarida kila mwaka, na makala ambayo huko nje unaambiwa uilipie, ukiingia kupitia tovuti ya maktaba kwa akaunti yako ya mwanafunzi unaisoma bure, hata ukiwa nyumbani. Inaniuma kuona mtu anamaliza chuo hajawahi kugusa kitu hiki.

Kabla ya kusachi chochote, geuza mada yako iwe swali. "Simu na wanafunzi" ni pana mno, utaletewa makala elfu na hutajua uanzie wapi. Lakini ukiuliza "kutumia simu usiku kunaathirije usingizi wa wanafunzi wa sekondari", tayari una vitu vitatu vya kutafuta: simu, usingizi, wanafunzi. Sasa kaa na karatasi, kila kimoja kiandikie majina yake mengine, maana databesi haisomi mawazo yako, inatafuta neno lilelile uliloliandika basi. Databesi nyingi kubwa zimejaa makala za Kiingereza kwa hiyo utasachi kwa Kiingereza, na huko mtafiti mmoja ameandika teenagers, mwingine adolescents, mwingine students, ukiweka moja tu umewakosa wengine wote. Watu wengi wanakwama hapa, wanasema "mada yangu haina vyanzo" kumbe vipo vimejaa, ila wamebisha hodi mlango ambao siyo.

Ukishapata maneno, yaunganishe. AND inapunguza matokeo kwa sababu inataka maneno yote mawili yawepo, OR inaongeza kwa sababu inakubali lolote kati ya hayo, NOT inaondoa usichotaka (hii itumie kwa uangalifu, inaweza kufuta na makala nzuri). Maneno yanayokwenda pamoja yawekee alama za kunukuu, mfano "sleep quality", yasije yakatafutwa moja moja. Na kwenye databesi nyingi ukiweka kinyota mwisho wa mzizi, adolescen*, inakuletea adolescent, adolescents na adolescence kwa mkupuo mmoja.

Ujue pia unasachi wapi. Katalogi ya maktaba inakuonyesha vitabu na majina ya majarida, mara nyingi haikuonyeshi kila makala iliyo ndani ya jarida. Makala ziko kwenye databesi kama JSTOR au EBSCO, na watu wa afya wana PubMed. Ukitaka kitabu, nakili namba yake yote kama ilivyo kwenye katalogi halafu nenda kwenye rafu. Maktaba inayotumia mfumo wa Dewey, elimu iko 370 na tiba iko 610, inayotumia mfumo wa Library of Congress elimu ni L na tiba ni R. Kwenye Dewey kumbuka zile namba za baada ya nukta ni desimali, kwa hiyo 370.15 inatangulia 370.9, usiseme kumi na tano ni kubwa kuliko tisa ukaenda kutafuta mbele huku kitabu kiko nyuma yako. Na ukikipata, angalia na majirani zake kushoto na kulia, vitabu vya mada moja vinakaa pamoja.

Njia ninayoiamini kuliko zote ni hii: tafuta makala moja nzuri kweli, halafu iache ikupeleke kwa wenzake. Orodha ya marejeo mwishoni inakurudisha nyuma, unaona mwandishi alisoma nini. Kisha ifungue kwenye Google Scholar, chini yake kuna linki ya kuonyesha nani wameirejelea, hiyo inakupeleka mbele mpaka kwenye utafiti wa karibuni. Ukiona jina moja linajirudia kwenye orodha tatu nne, huyo usimwache. Kwa hapo ndani ya jioni moja unakuwa na vyanzo kumi vinavyozungumza vyenyewe kwa vyenyewe, siyo kumi vya kuokoteza.

Siyo kila kilichomo kwenye jarida kimepitiwa na wataalamu. Tahariri na mapitio ya vitabu navyo vinachapishwa humohumo, kwa hiyo ile chujio ya kwenye databesi inayokubakizia majarida yaliyohakikiwa na wataalamu tu (peer-reviewed) haimalizi kazi. Soma muhtasari, ruka mpaka hitimisho, halafu rudi kwenye mbinu uone walihoji watu wangapi na kwa njia gani. Angalia pia kama makala haijaondolewa, yaani jarida lenyewe halijaifuta (retracted). Ile ya 1998 kwenye The Lancet iliyohusisha chanjo ya MMR (ya surua, matumbwitumbwi na rubela) na usonji iliondolewa rasmi 2010, na bado kuna watu wanaitaja. Na marejeo uliyopewa na programu za akili bandia usiyaamini mpaka uyaone kwa macho yako, zinaweza kukutungia makala isiyokuwepo, yenye jina zuri na mwaka kabisa.

Ukikwama muulize mkutubi, ndo kazi yake hiyo. Mwambie swali lako lote, siyo neno moja. Kitabu kisipokuwepo uliza kama wanaweza kukiazima maktaba nyingine, vyuo vingi vina utaratibu huo.

Sasa kurejelea. Andika taarifa za chanzo palepale unapokifungua, kabla hata hujasoma ukurasa wa pili: waandishi, mwaka, kichwa, jina la jarida, volyumu, toleo, kurasa, DOI (namba ya kudumu ya makala mtandaoni). Chukua makala ya Watson na Crick kuhusu muundo wa DNA, ya 1953: jarida ni Nature, volyumu 171, toleo 4356, kurasa 737 hadi 738, DOI ni 10.1038/171737a0. Hiyo DOI ukiitangulizia https://doi.org/ inakuwa linki inayokufikisha kwenye makala hata kama tovuti ya jarida imehama. Ndani ya kazi yako, kwa mtindo wa kurejelea wa APA utaandika (Watson & Crick, 1953), kwa ule wa MLA mwaka hauhitajiki, unaweka majina na ukurasa uliochukulia hoja. Muulize lekchara anataka mtindo gani na toleo la ngapi, maana APA toleo la 7 halifanani na la 6 kila mahali.

Zotero, programu ya kutunza marejeo, ni ya bure na itakuhifadhia haya yote, ila ikague, mara nyingine inavuta kichwa kikiwa herufi kubwa tupu au inaruka mwandishi mmoja. Na hoja ya mtu hata ukiieleza kwa maneno yako bado ni yake, irejelee. Kama umeikuta ndani ya kitabu cha mwingine na ya asili hujaipata, sema umeitoa kwa huyo wa pili, usijifanye umesoma ya kwanza.

Kabla ya kukusanya kazi, pitia orodha jina kwa jina: bonyeza Ctrl na F, tafuta kila mwandishi ndani ya maandishi, asiyeonekana humo mtoe kwenye orodha, kisha fanya kinyume chake, kila uliyemtaja ndani hakikisha yupo mwishoni na mwaka uleule.