Mkata miwa mgeni na jua la Kilombero

Mkulima wa nje Kilombero, yaani mwenye shamba lake anayeuzia kiwanda cha sukari miwa, hujipanga mapema kwa msimu: siku ya kuchoma shamba, lori, zamu ya kupeleka mzigo kiwandani. Maji ya vibarua hukumbukwa jua likishawaka. Kuanzia Oktoba joto la bonde lile si la mchezo, na anayekata miwa iliyochomwa amejifunika nguo nzito na buti, masizi yamemganda, jasho halikauki.

Aliye hatarini zaidi si mkataji mzoefu. Ni kijana aliyeshuka jana kutoka Makete au Njombe, ana nguvu, ana haraka ya kupata hela, na mwili wake umezoea baridi. Mwili huchukua siku 7 hadi 14 kulizoea joto. Siku ya kwanza mpe sehemu ya tano tu ya kazi ya kawaida, kisha uongeze kiasi hicho hicho kila siku. Mzoefu aliyekaa muda mrefu bila kazi aanze na nusu. Ugumu uko kwenye malipo: kazi ni ya kipande, na ukimwambia apunguze unamwambia alale njaa. Kwa hiyo wiki hiyo mlipe kwa kutwa. Usipofanya hivyo, maneno ya mnyapara hayatasaidia kitu.

Maji ni robo lita kila dakika 15 hadi 20, kiu isingojewe. Hiyo ni karibu lita moja kwa saa. Isizidi moja na nusu, maana maji mengi mno hushusha chumvi mwilini. Kwa kazi ya saa sita, dumu la lita 20 ni la watu watatu. Watu 12, madumu manne, na yasogezwe kadiri mstari unavyosogea. Mtu wa kipande hatarudi barabarani kufuata maji; atavumilia amalize ngwe yake. Turubai la kivuli nalo liwe karibu. Waanze alfajiri, saa tano wawe wanamalizia.

Kuna jingine halisemwi sana: vidonge vya diklofenaki vinavyomezwa kutuliza maumivu ya mgongo. Mwili ukiwa umepungukiwa maji, dawa hizo huumiza figo. Huko El Salvador na Nicaragua wakata miwa wengi, tena vijana, wamekufa kwa figo bila kuwa na kisukari wala presha, na kazi nzito juani ni miongoni mwa sababu zinazotajwa zaidi.

Mkataji akianza kuongea ovyo, kuyumba au kuanguka, usiseme amelewa. Wala usidanganyike kwa kuwa bado anatoka jasho. Mwingize kivulini, mvue nguo nzito, mmwagie maji mwili mzima huku mkimpepea, na usafiri uitwe wakati huo huo. Kama hajitambui, asinyweshwe kitu. Kupoza kunaanza shambani, hakungoji zahanati.

Kwenye chai ya Mufindi mambo hugeuka, hasa Juni na Julai. Kinachoumiza huko ni baridi pamoja na nguo zilizolowa umande. Wachumaji wapewe aproni za plastiki na buti, wawe na nguo kavu za kubadilisha, na chai ya moto iwepo. Anayetetemeka kisha akaacha kutetemeka huku akisinzia hajapata nafuu. Mvue zilizolowa, mfunike, umwahishe hospitali.