Somo: Kuwapeleka watoto pwani ya Tanga na Pangani ukitokea Moshi, hatua kwa hatua

Wazazi wenzangu, habari za siku. Tangu turudi kutoka Tanga, majirani hapa Rau wamekuwa wakiniuliza kuhusu safari yetu, na kila mmoja nimemjibu nusunusu tukiwa tumesimama getini. Leo naandika yote. Tumeshakwenda mara tatu na watoto wawili, wa miaka 9 na 5, na ile safari ya kwanza ilitufunza kwa uchungu.

Tulifikia nyumba ya wageni ufukweni, ng'ambo ya Pangani. Usiku kucha tulisikia mawimbi karibu kabisa na dirisha. Saa kumi na mbili asubuhi watoto walishavaa nguo za kuogelea, chai wakainywa wamesimama. Mambo ya kufungua mizigo yakatuchelewesha, tukashuka saa nne na nusu. Maji hayakuwepo. Mbele yetu mchanga mtupu wenye mikunjo, majani ya bahari yamelala chini, mashua imeegama ubavu, na mbali kabisa mwanamke ameinama na kijiti chake anatafuta pweza. Mdogo akanivuta kanga: "Mama, bahari imeenda wapi?"

Sikuwa na jibu. Mimi ni mtu wa mlimani. Maji ninayoyajua ni ya mfereji, yanashuka tu, hayageuki. Bahari ilirudi jioni, watoto wamepigwa na jua na wamechoka, na gari la kuturudisha Tanga mjini linatusubiri. Ndiyo maana somo hili halianzi na nauli wala chumba.

Hatua ya kwanza: tazama mwezi

Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, kama saa sita kupanda na saa sita kushuka, na kila siku huchelewa kama dakika 50 kuliko jana yake. Siku zinazozunguka mwezi mwandamo na mwezi mpevu wenyeji huziita bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, tofauti ikizidi mita 3 kwenda juu. Siku za nusu mwezi ni maji mafu, hayaendi mbali wala hayapandi sana.

Jambo lililonifungua macho ni kwamba katika pwani yetu bamvua ina saa zake. Maji hupwa kabisa kati ya saa nne na saa sita mchana, na hujaa kati ya saa kumi na saa kumi na mbili, jioni na alfajiri. Maji mafu ni kinyume chake: saa nne au tano asubuhi bahari imejaa, alasiri imepwa. Kwa hiyo ukiutazama mwezi ukiwa hapo kwako Moshi, umeshajua watoto watafanya nini asubuhi wakiwa Pangani.

Ukitaka Kisiwa cha Maziwe (lile fungu la mchanga baharini, nalieleza hatua ya tano), au watoto watembee kwenye miamba waone kaa na viti vya pweza, wale viumbe wenye umbo la nyota, nenda siku za bamvua. Ukitaka watoto wadogo waogelee asubuhi hatua chache kutoka kwenye kivuli, nenda siku za maji mafu. Ukiwa na kalenda ya Kiislamu ukutani kazi imekwisha, maana mwanzo wa mwezi na katikati yake ndiyo bamvua. Idi el-Fitri, kwa mfano, huangukia bamvua kila mwaka. Na ukishafika, muulize mvuvi yeyote, "Maji yanapwa saa ngapi kesho?" Atakujibu papo hapo.

Kuhusu misimu nasema kwa kifupi. Aprili na Mei ni masika, msisumbuke. Likizo ya Juni pwani ina hewa nzuri lakini upepo wa kusi unavuma na bahari huchafuka, hivyo safari ya mashua inaweza kuahirishwa hata siku mbili. Desemba upepo ni wa kaskazi na joto ni kali kwa mtoto aliyezoea baridi ya huku kwetu.

Hatua ya pili: barabara, na mto unaokwenda nanyi

Moshi hadi Tanga ni kama kilomita 350: Himo, Mwanga, Same, Mombo, Korogwe, Segera, unaingia kushoto, Muheza, Tanga. Kwa basi hesabu saa sita au zaidi. Mpeni kila mtoto kiti chake kama mfuko unaruhusu, na anayetapika akae dirishani mbele. Sisi hubeba mayai ya kuchemsha, ndizi mbivu na maji, na chakula cha moto tunakula Korogwe. Msinunue machungwa njiani mpaka Muheza. Huko ndiko yanakotoka.

Watoto huchoka wakifika Same, nje ni ukavu na milima ya Upare tu. Hapo ndipo mimi hutoa hadithi ya mto. Maji ya Kilimanjaro na ya Meru hushuka kwa mito ya Ruvu na Kikuletwa, yakakutana bwawa la Nyumba ya Mungu, na kutoka hapo yanaitwa Mto Pangani. Mto huo unapita upande wa kulia wa safari yenu, nyuma ya vichaka, ukielekea kule kule mnakokwenda. Pale Hale barabara inauvuka, na maji yale yale yanazungusha mitambo ya umeme. Mwanangu mkubwa aliposikia hivyo, safari ya pili alijaza chupa ya nusu lita kwenye Mto Rau kabla hatujaondoka, akaishika mapajani mpaka Tanga. Mashamba ya mkonge mtakayoyaona baada ya Korogwe nayo yana historia yake: mkonge uliletwa Tanga mwaka 1893, miche ikafa mingi njiani, ikabaki 62 tu. Mwaka huo huo reli ilianza kujengwa kutoka Tanga, ikafika Moshi mwaka 1911.

Hatua ya tatu: siku ya Amboni

Siku ya kwanza msiende baharini. Watoto wana uchovu wa gari, na jua la kwanza ndilo linaloumiza. Nendeni Mapango ya Amboni, kama kilomita 8 kaskazini ya mji kwenye barabara ya Horohoro. Ni mapango ya mawe ya chokaa yaliyochimbwa na maji kwa mamilioni ya miaka, na ndani kuna ubaridi hata mchana wa Desemba. Mnaingia na mwongozaji. Kila mtoto awe na tochi yake, hata ndogo, maana mtoto mwenye tochi haogopi giza, analitafuta. Vaeni viatu vyenye meno, mwamba unateleza. Kuna sehemu mnapita mmeinama, na kuna sehemu watu wanafanyia matambiko. Hapo nyamazeni, msiguse kitu.

Mtasimuliwa habari ya mbwa aliyepotelea pangoni akaja kuonekana Kilimanjaro. Watoto wa Moshi huipenda mno. Mkubwa wangu alitaka turudi nyumbani kwa njia hiyo.

Hatua ya nne: Tongoni, saa moja tu

Iko njiani mkitoka Tanga kwenda Pangani. Ni magofu ya msikiti na makaburi zaidi ya 40, mengine yana nguzo ndefu. Vasco da Gama alikwama kwenye mafungu ya hapo karibu mwaka 1498, na mwaka uliofuata akaichoma moja ya meli zake kwa kukosa mabaharia wa kutosha. Watoto wasipande juu ya makaburi. Saa moja inatosha, kivuli ni kidogo.

Hatua ya tano: Maziwe

Hapa ndipo mwezi mliouangalia unalipa. Maziwe ni fungu la mchanga mweupe, kama kilomita 8 kutoka nchi kavu, lililozungukwa na matumbawe. Zamani kilikuwa kisiwa chenye miti, na kasa walikuwa wakitaga kwa wingi. Kikawa hifadhi mwaka 1975. Miti ikaisha, mchanga ukaliwa na bahari, na leo maji yakijaa kisiwa chote kinafunikwa. Mnafika maji yakiendelea kupwa, mnaondoka yakianza kujaa. Hakuna nyumba, mti wala choo. Kivuli ni kile mlichobeba.

Mashua msikubaliane nayo kwa simu. Ioneni kwanza. Mimi hutazama mambo matatu: jaketi okozi za watoto, maana ya mtu mzima humtoka mtoto kichwani, maji yaliyotuama chini ya mashua, kama ni mengi kuna tundu, na nahodha akiulizwa saa ya kurudi anajibu kwa maji au kwa saa yako. Safari ya pili kuna mmoja alituambia, "Muda wowote mnaotaka, mama." Tukamshukuru, tukamtafuta mwingine. Huyo wa pili alitazama mawimbi, akasema, "Tunatoka saa tatu, saa sita na nusu lazima tuwe tumepandisha nanga." Na saa sita na nusu mchanga tuliokuwa tumekalia ulikuwa umebaki kama upana wa sebule. Nilimwona mdogo akirudi nyuma hatua moja moja, maji yakimfuata vidole, akicheka.

Wavisheni watoto fulana za mikono mirefu hata ndani ya maji, na viatu vya plastiki miguuni muda wote. Jua la pwani linaunguza hata kukiwa na mawingu. Madafu mengi, soda kidogo. Usiku chandarua, bila kukosa: malaria ya pwani si sawa na ya huku kwetu juu.

Na mkipita mjini Pangani, tembeeni kwa heshima. Kina mama kanga kiunoni, watoto waamkie wazee. Ombeni ruhusa kabla ya kupiga picha nyumba au mtu.

MASWALI

Mama Glory, Sakina, Arusha: Asante dada, ubarikiwe. Mimi wa kwangu ana mwaka na nusu. Maziwe nimpeleke?

*Jibu:* Mama Glory, mimi nisingempeleka. Saa tatu bila kivuli cha kweli ni nyingi kwa umri huo, na mashua inarusha maji. Mmoja wenu abaki naye ufukweni. Maji yakipwa hubaki vidimbwi vya kina cha kifundo cha mguu, vuguvugu kama maji ya beseni, na humo atacheza mpaka alale. Mshike muda wote, hata dimbwi dogo ni maji.

Baba Ebeneza, Marangu: Gharama ya mashua mbona hukuitaja?

*Jibu:* Kaka, bei inabadilika kwa msimu na mafuta, nisikudanganye. Jua tu kwamba mnakodi mashua nzima, na hifadhi ina kiingilio chake kando, uliza na udai risiti. Sisi mara ya tatu tuliungana na familia kutoka Korogwe tuliyoikuta nyumba ya wageni, tukagawana nusu kwa nusu.

Mama Sauda, Majengo, Moshi: Mwanangu aliwashwa na konyeza, yule mnyama wa bahari laini mwenye nyuzi, miaka ile tulipokwenda, tukamsugua mchanga, ikazidi. Dawa yake nini?

*Jibu:* Pole sana. Mchanga usitumike, na maji baridi ya bombani pia yasitumike mwanzoni. Mwoshe kwa maji ya bahari, toa nyuzi zilizobaki kwa kitu, si kwa vidole vitupu. Akivimba uso au akipumua kwa shida, ni hospitali moja kwa moja. Tanga mjini kuna hospitali ya Bombo. Kwa miiba ya wale wadudu weusi wa kwenye miamba, loweka mguu kwenye maji ya moto kiasi anachoweza kuvumilia, mjaribu wewe kwanza kwa mkono wako, kisha nenda zahanati wakautoe.

Mzaliwa wa Pangani, sasa niko Ngarenaro: Dada umeeleza vizuri, hata sisi wa huko umetuheshimu. Naongeza moja. Watoto wakitembea kwenye maji ya mchanga, wafundishe kuburuza miguu, wasiinue na kukanyaga. Taa, yule samaki bapa mwenye mkia mrefu, hulala amejifukia, akisikia mchanga unatikisika huondoka. Akikanyagwa hupiga kwa mkia. Na makombe yenye mnyama ndani yaachwe.

*Jibu:* Ahsante sana kaka. Hilo la taa sikulijua, na mara zote tatu tumetembea kwa kuinua miguu. Nimewaita watoto sasa hivi wakajaribu kuburuza hapa sebuleni.

Mwalimu, Himo: Tunataka kuwaleta wanafunzi wa darasa la tano. Inawezekana kwenda na kurudi siku moja?

*Jibu:* Mwalimu, shikamoo. Hapana. Saa sita kwenda, saa sita kurudi, watoto wataona viti vya basi tu. Usiku tatu ndiyo kima cha chini: siku moja Amboni na Tongoni, siku moja bahari. Na kwa idadi hiyo achana na Maziwe, tembeeni kwenye miamba maji yakipwa, mtu mzima mmoja kwa watoto watano.

Mama Glory, Sakina: Dada samahani nirudi tena. Ile chupa ya Mto Rau iliishia wapi?

*Jibu:* Aliimwaga Pangani, tukiwa juu ya kivuko, katikati ya mto. Ilikuwa kama saa tisa, maji yanajaa, na bahari ilikuwa inausukuma mto kurudi nyuma. Aliona majani na vifuu vya nazi vikipanda kwenda bara badala ya kushuka. Akaniuliza kama maji yake sasa yanarudi Rau. Nikamwambia yatasogea juu kidogo tu, na ikifika saa mbili usiku yatageuka. Akataka tusubiri mpaka saa mbili. Tulisubiri.