Dereva wa meza: namna ya kumpanga kwenye baa ya Lubumbashi kabla ya Noeli na Bonane (Mwaka Mpya)

Karatasi ya "Usiendeshe ukiwa umelewa" ukutani hairudishi mtu nyumbani Katuba, mtaa wa mji huu, usiku wa tarehe 31. Anayewarudisha watu ni yule aliyekubali, kabla ya chupa ya kwanza kufunguliwa, kwamba leo anakunywa sikre, yaani soda. Wabelgiji wanamwita Bob tangu kampeni yao ya mwaka 1995, na watengenezaji wa bia wenyewe walishiriki kuianzisha. Hapa tumwite dereva wa meza.

Kazi yote iko kwenye dakika tano za mwanzo. Mhudumu anapofika mezani, kabla hajauliza ni bia gani, Simba au Tembo, anauliza: "Karibuni, ba papa na ba mama. Mmekuja na gari? Leo nani anarudisha watu?" Aulize kwa sauti ya kawaida, kama anavyouliza kuhusu michopo, nyama ya kuchoma. Akiuliza baada ya duru ya pili, jibu litakuwa "huyu, yeye amekunywa kidogo", na hapo mpango umekufa. Aliyekunywa kidogo si dereva. Dereva ni yule ambaye hajagusa kabisa.

Dereva akijitaja, mhudumu athibitishe mambo mawili: ana leseni, na amewahi kuendesha gari hilo. La pili si utani. Magari mengi ya mji huu yana usukani upande wa kulia, na sisi tunaendesha kulia. Dereva amekaa upande wa ukingo wa barabara, hivyo akitaka kupita lori haoni kinachokuja mbele mpaka gari lote limeshatoka. Ongeza mvua ya Desemba na taa za barabarani zilizozimika. Usiku huo si wa kujifunza gari la shemeji.

Kisha mfunge kitambaa cha rangi kali mkononi, na uandike kwenye daftari namba ya meza pamoja na namba ya gari. Gari moja, kitambaa kimoja. Bila namba ya gari, ifikapo saa 4 usiku utakuwa na madereva sita kwenye meza ya watu saba, wote wanadai sikre ya bure.

Kuhusu zawadi, usiwe mchoyo. Kipimo kinachofaa ni sikre tatu za bure kwa usiku, moja kila baada ya saa moja na nusu hivi, maji bila kuhesabu, na sahani ya michopo au bukari (ugali) na samaki kwa nusu bei. Kasha la sikre lina chupa 24, kwa hiyo linatosha madereva 8. Linganisha na bia ambazo meza zao zitamaliza, utaona kwamba hupotezi kitu. Chupa ifunguliwe mezani, isitolewe ikiwa imefungwa, la sivyo itaondoka na mfuko kwenda kwa watoto nyumbani.

Kosa linaloua mpango mara nyingi ni friji. Wiki ya Bonane kila rafu inajazwa bia, na dereva analetewa sikre ya moto. Ya kwanza ataivumilia, ya pili ataomba "kabaridi kamoja tu". Tenga rafu moja nzima kwa ajili ya madereva, tena ile ya chini kabisa ambayo baridi inakaa. Umeme ukikatika, pipa la barafu lianze na vinywaji vyao.

Munkoyo, kinywaji cha mahindi na mizizi, je? Ya leo ni sawa. Iliyokaa siku mbili tatu imeshachacha na ina pombe ndani yake, hata kama mama anayeiuza anaapa kuwa ni ya watoto. Usimpe dereva usipojua imepikwa lini.

Wahudumu wajue hesabu hii, maana wateja wataibishia. Chupa kubwa ya cl 72 yenye bia ya 5% ina karibu gramu 28 za pombe halisi. Mwili unaondoa takriban gramu 7 hadi 10 kwa saa. Kwa hiyo chupa moja inadai saa tatu au nne. Aliyeanza saa 2 usiku akamaliza chupa tatu hatakuwa safi kabla ya saa 11 alfajiri, na wengine hadi saa 2 asubuhi au hata baadaye. Kahawa, ndimu, kuoga maji baridi, kutapika: hakuna kinachoharakisha ini. Chakula kinasaidia kikiliwa kabla, kwa sababu kinachelewesha pombe kuingia kwenye damu, lakini hakiiondoi. Na lutuku, pombe kali ya kienyeji, haina hesabu kabisa, kwani hakuna anayejua nguvu ya chupa hiyo.

Marafiki ndio watakaomharibu dereva. "Ni Bonane, mukubwa, kamoja hakawezi kitu." Kanuni iwe moja na isijadiliwe: mwenye kitambaa hauziwi pombe, na meza haiwezi kumwagizia. Akionekana amekunywa kutoka glasi ya jirani, mhudumu hagombani naye. Anamwita mwenye baa au mtu mzima anayeheshimika, kitambaa kinavuliwa kwa upole, na ufunguo unaombwa.

Ufunguo una mahali pake: ubao wenye misumari nyuma ya kaunta, kila msumari na kibao chenye namba, na kibao cha pili chenye namba hiyohiyo anapewa mteja. Gari linabaki uani. Mlinzi aandike hali yake kabla mwenyewe hajaondoka: kioo kilichopasuka, redio ipo, gurudumu la akiba lipo. Bila karatasi hiyo, asubuhi utalipia mkwaruzo wa mwaka jana.

Wasafirishaji wa akiba wapatikane mapema. Zungumza na wenye teksi wawili au watatu wiki moja kabla, mkubaliane bei ya kwenda mitaa ya Kenya, Ruashi, Kampemba na Golf, mwiandike na kuibandika kaunta. Ukingoja saa 8 usiku, bei itapanda mara mbili na huna la kusema. Muulize mwenye teksi naye kama amekunywa, wengi wanasahau kwamba kwake pia ni sikukuu. Moto, yaani pikipiki ya abiria, usimpe mlevi: hawezi kushikilia, na kwenye mashimo ya mvua anaanguka yeye kwanza.

Dereva asiye na pombe naye husinzia. Kuanzia saa 7 usiku mpe chai au kahawa, na ukimwona anapiga miayo, ambia meza yake kwamba ni saa ya kwenda. Yeye mwenyewe ataona haya kuwaharakisha wakubwa wake.

Asubuhi ya tarehe 1 funguo zitolewe na mtu aliyelala, si na mhudumu wa usiku, na kwa mwenye kibao pekee. Kabla ya kuukabidhi, atazame kwenye daftari saa ambayo chupa ya mwisho ilifunguliwa na ni ngapi zilinyweka. Hesabu ikimkatalia mteja, aketi, aletewe supu ya mbuzi.