Somo: Kufunga wavu wa makila na kuutega Bwawa la Nyumba ya Mungu bila kuziba njia ya samaki wanaopanda mto

Wakuu, masika yakikolea Kilimanjaro na Meru, mto Kikuletwa huja na maji mekundu, na kambare, ningu na kuyu waliokuwa bwawani huanza kupanda kwenda kutaga. Somo hili ni la wanaotega upande wa Moshi Vijijini na Mwanga, pamoja na wenye mitaji walioko mjini ambao nyavu zao huziona dukani tu. Tunaanza na wavu wenyewe, huu wa makila unaomnasa samaki akiingiza kichwa kwenye macho (matundu) yake, kisha mahali pa kuutega. Hapo pa pili ndipo samaki wanapomalizwa.

1. Pima macho kabla hujalipa

Lebo isikutoshe. Lowesha kona ya wavu, uvute, upime macho 10 mfululizo, fundo hadi fundo. Wavu wa inchi 3, yaani kila jicho likivutwa ni inchi 3, utoe sentimita 76. Ukipata 70, hiyo ni inchi 2 na robo tatu, na doria haisomi lebo, inapima. Kima cha chini kinachoruhusiwa hutofautiana kati ya maji na maji, kwa hiyo muulize ofisa uvuvi wa wilaya au BMU (kikundi cha wavuvi kinachosimamia uvuvi) ya mwalo wako kabla ya kununua.

2. Kuufunga kwenye kamba

Kipande cha mita 90 kikivutwa, chenye macho 26 kwenda chini, kifunge kwenye kamba ya juu ya mita 45, yaani nusu. Shika macho manne, piga fundo, acha sentimita 15, shika manne mengine. Utapata mafundo kama 295. Weka alama za sentimita 15 kwenye kijiti na upimie hicho toka mwanzo hadi mwisho, kwa sababu mkono ukichoka nafasi hutanuka bila wewe kujua.

Ukifunga kwa nusu, jicho hukaa wazi na wavu husimama kama mita 1.7. Ukiutandaza mno ili upate urefu wa bure, macho hulala, wavu hupungua kimo, na samaki anaugonga na kugeuka. Ukiulegeza mno unanasa kila kitu kwa mapezi na miiba, hata wadogo ambao wangepenya. Kamba ya chini iwe ndefu kuliko ya juu kwa mita 1 hivi.

3. Maboya na mawe

Maboya 23, moja kila mita 2, kila moja likiwa na nguvu ya kuinua gramu 50. Vipande vya kandambili vinafaa, ila vipime kwanza kwa kuvifungia uzito ndani ya ndoo. Chini weka mawe 16 ya robo kilo, moja kila mita 3. Kilo 4 hizo zikiwa majini hubaki na uzito wa kilo 2.4 hivi, mara mbili ya nguvu ya maboya, na hivyo wavu unatulia chini.

Maboya yafunge kwa uzi wa pamba au katani, usitumie nailoni. Wavu ukipotea, uzi huo utaoza, maboya yatang'oka na wavu utalala. Ukifunga kwa nailoni, wavu uliopotea utaendelea kusimama na kuua samaki ambao hakuna atakayewala.

4. Mahali na wakati

Wengi wanaamini macho makubwa yanatosha kulinda samaki. Kwa perege wa bwawani yanasaidia sana, maana mdogo anapita na kukua. Kwa samaki anayepanda mto hayasaidii, kwa sababu anayepanda ni mkubwa tena ana mayai. Wavu halali wa inchi 3 au 4 mdomoni mwa mto unawachagua wale wale ambao kizazi kijacho kinawategemea, na wote wanapita mlango mmoja mwembamba ndani ya siku chache.

Ziwa Victoria lilishapitia hayo. Nyavu za makila ziliingia huko mwaka 1905, zikaja kutandazwa midomoni mwa mito wakati ningu wanapanda. Uvuvi wa ningu, uliokuwa ukilisha watu wengi, uliporomoka.

Kwa hiyo kuanzia Machi hadi Mei, na tena vuli maji yakipanda ghafla, usitege kwenye midomo ya mito ya Kikuletwa na Ruvu inapoingia bwawani, wala kwenye nyasi zilizofunikwa na maji mapya. Sisi tunashauri ukae kilomita moja mbali. Na angalizo: bwawa hili linapanda na kushuka, hivyo mdomo wa mto wa Februari siyo wa Mei. Fuata mahali maji mekundu yanapoingia leo, usifuate alama ya mwaka jana.

Tega saa 11 jioni, toa wavu saa 11 alfajiri. Ukichelewa, jua linaharibu samaki na mamba wanachana wavu.

Maswali ya wanachama

Lang'ata: Wakuu, wavu wangu asubuhi naukuta umejiviringisha kama kamba. Shida nini?

Jibu: Mara nyingi mawe ni mepesi au yamekaa mbali mbali, upepo ukivuma tumbo la wavu linazunguka. Ongeza mawe, usipunguze maboya. Hakikisha pia umeutega kufuata mkondo wa upepo, usiukatize. Kama umejiviringisha sehemu moja tu, hapo alikuwepo kambare mkubwa.

Boma Ng'ombe: Timba (wavu wa uzi mmoja wa plastiki) ni bei rahisi na inanasa zaidi. Kwa nini tusitumie?

Jibu: Imepigwa marufuku. Samaki haioni, inamkata hadi nyama, na ikichanika haishoneki, vipande vinabaki majini miaka na miaka.

Kahe: Shikamooni. Mikunga (samaki warefu kama nyoka) ya mtoni imepungua sana huku. Ni nyavu?

Jibu: Marahaba. Mkunga anakwenda kinyume cha ningu: anakulia mtoni, anashuka baharini kutaga mara moja tu na kufa, na watoto ndio wanaopanda. Kwenye Pangani njia hiyo ina mabwawa ya umeme ya Pangani Falls, Hale na Nyumba ya Mungu. Wavu wa makila haumnasi sana, anapenya. Kwenu tatizo ni migono (mitego ya kusuka) inayoziba mfereji mzima. Acha theluthi moja ya upana wazi, hasa usiku wa mvua, maana ndipo wakubwa wanaposhuka.

Arusha Chini: Nimenasa perege jike, kafungua mdomo zikamwagika punje za manjano. Nifanyeje?

Jibu: Hayo ni mayai, perege huyu huyaatamia mdomoni. Akishayatema kwenye mtumbwi hayaokoki kirahisi. Ukikuta hivyo kwa majike wawili watatu kwenye wavu mmoja, umetega kwenye mazalia. Hamisha wavu siku hiyo hiyo kwenye kina cha mita 4 au zaidi, na uwaeleze BMU wapaweke alama.